Boma la Tatu

Mimi si mtu wa kutulia. Kazi yangu ni ya kukaa, mwaka wa ishirini na mbili sasa niko dirisha la mapokezi katika hospitali moja kubwa hapa Mwanza, naandikisha wagonjwa, lakini ukiinama ukatazama chini ya meza utakuta miguu inatembea. Mama yetu alikuwa akisema ni kwa sababu nilizaliwa njiani. Hakuwa anatania. Nilizaliwa njiani kweli, kati ya shamba la pamba na nyumbani, na dada yangu, aliyekuwa na miaka tisa, ndiye aliyenifunga kwenye khanga akanibeba mpaka kwetu, mama akitembea nyuma yetu polepole.

Habari ninayoieleza ni ya huyo dada na titi lake la kushoto.

Dada anaishi ng'ambo, upande wa Sengerema. Unavuka na kivuko mpaka Kamanga, kisha unapanda gari saa nzima na zaidi kuingia ndani. Mume wake alifariki, watoto wameshaondoka kila mmoja kwake, yeye analima pamba na mihogo na ana ng'ombe watatu anaowazungumzia kuliko wajukuu. Mimi nilisoma, yeye hakusoma. Tukisema ukweli, nilisoma kwa sababu yeye hakusoma: mtu alihitajika nyumbani, akabaki yeye. Sasa nina nyumba Buhongwa, nina kitambulisho shingoni, na yeye akija mjini husema amekuja kwa "mkubwa", halafu anacheka.

Lazima nianze na K, maana niliianzisha mimi.

Wagonjwa wanaotoka ng'ambo huwa na shida moja. Wakichelewa kumwona daktari wanachelewa kuvuka, na wakichelewa kuvuka hawapati gari la kuwafikisha kwao. Miaka ile ya mwanzo nilikuwa naona wazee wanalala kwenye mabenchi, roho inaniuma. Nikapatana na wauguzi: nikiandika K kwa penseli kwenye kona ya faili, K ya kivuko, mjue huyu atangulizwe. Ikafanya kazi. Nilisifiwa hata kwenye kikao.

Sijui ni lini K iligeuka. Neno huchakaa taratibu kwa sababu ya wanaolishika. Tukaanza kusema "wa kivuko" tukimaanisha mtu wa ng'ambo, kisha tukimaanisha mtu asiyejua chumba namba sita kiko wapi hata akielekezwa mara tatu, kisha tukimaanisha mtu aliyekuja na ugonjwa umeshaiva, mwenye chale, anayejibu "mhola tu", yaani salama tu, ukimuuliza anaumwa nini, kwa sababu kwao mtu hasemi shida kabla ya kusalimiana. Muuguzi akiona K alikuwa anavuta pumzi. Daktari akiona K alikuwa anapaza sauti, kana kwamba Msukuma ni kiziwi. Kompyuta zilipoletwa tukaambiwa faili za karatasi zitaondoka. Hazijaondoka, na K haijaondoka.

Na mimi, Msukuma wa kivuko kuliko wote, nilikuwa hodari wa kuwaigiza. Kila Krismasi tukikutana kwa dada, baada ya kula, watu walikuwa wakisema haya, mkubwa, tupe za hospitali. Nilisimama. Nilikuwa naigiza mama aliyeambiwa alete mkojo akaleta chupa ya soda imejaa, mzee aliyevua viatu mlangoni kwa daktari akatoka bila kuvikumbuka, na yule mwenye chale kifua kizima ambaye huwa namwambia, "Mganga amekushindwa, ndiyo umekuja kwetu?" Hilo lilikuwa linamaliza. Watu walikuwa wanashika mbavu. Krismasi iliyopita dada alicheka kidogo, akaondoka kwenda kutazama chungu, nami nikaendelea.

Baada ya Pasaka nilivuka kwenda msiba wa jirani yake. Nilimkuta anachota maji. Shikamoo dada, marahaba, akanipokea begi kwa mkono wa kulia, na ndoo akaibeba kwa mkono huohuo wa kulia safari ya pili, na ya tatu. Mimi kazi yangu ni kutazama watu. Nikamuuliza mkono wa kushoto una nini. Akasema jipu. Nikamuuliza jipu gani la kukufanya uvae magauni mawili kwenye jua hili. Akanitazama, akaniruhusu nimshike juu ya nguo, sekunde moja tu. Kulikuwa na kitu kigumu, kimetulia pale kama kimepangiwa chumba.

Niliogopa. Nikiogopa huwa nagomba, basi niligomba mpaka kuku wakaondoka uani. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, nikamwambia ana mdogo wake hospitalini na anakaa na kitu kama hicho kifuani, nikamwambia kesho asubuhi tunavuka. Alikuwa anamenya mihogo. Akasema hospitali yetu ina watu wengi. Nikasema watu wengi ndiyo hospitali. Akasema, "Basi nitakuja. Rakini usinitangulize mbele za watu." Nilidhani anaona haya.

Siku tuliyokwenda ilikuwa Jumanne. Alilala kwangu Buhongwa, na alfajiri nikaanza kumtengeneza. Nasema kumtengeneza kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nawaza. Nimekaa dirishani miaka mingi, najua mtu anavyosomwa kabla hajafungua mdomo: viatu, mfuko, namna anavyoshika karatasi. Mwenye mkoba anaitwa "mama". Mwenye mfuko wa plastiki anaitwa "wewe bibi". Sikutaka dada yangu aitwe wewe bibi. Nikamvisha suti yangu ya kitenge ya harusi, nikampa mkoba, nikamvika wigi. Nikamfundisha kusema. Usiseme dakitali, sema daktari. Usiseme rakini. Wakikuuliza, jibu kwa kifupi, ukishindwa sema ndiyo, mengine niachie mimi.

Akajitazama kwenye kioo. "Nimekuja kutibiwa au kuposwa?"

"Vyote," nikamwambia. Tulicheka. Ilikuwa mara ya mwisho siku ile.

Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, kwa hiyo nilikwenda kwenye dirisha letu kutoka upande wa nje, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya. Ukiwa nje, dirisha liko juu. Inabidi uinue kidevu. Kijana ninayefanya naye kazi, ambaye mimi ndiye nilimfundisha, akanichangamkia, nikamwambia nina mgeni wangu, namwandikisha kliniki ya upasuaji. Nikampa kitambulisho cha dada. Akagonga vitufe, akasema, "Huyu mbona yupo."

"Yupo wapi?"

"Alishakuja. Mwezi wa kumi na mbili." Akaenda kabatini akarudi na faili jembamba. Akamtazama dada kule kwenye benchi, suti, mkoba, wigi, akatabasamu. "Mwaka jana mtu alikuwa wa kivuko. Leo amekuja kama mbunge."

Kwenye kona palikuwa na K. Ndani palikuwa na karatasi moja: jina, umri, kijiji, tatizo, "uvimbe kwenye titi". Chini, mahali pa daktari, hapakuwa na kitu. Hakuonwa na daktari. Alikuja, akaandikishwa, akaondoka kabla hajaitwa.

Nilichukua faili nikatembea nalo, nikafika mwisho wa korido nikageuka, nikarudi, nikageuka tena. Desemba hadi Aprili. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto. Dada yangu alivuka peke yake, akakaa kwenye mabenchi yetu, mimi nikiwa humu humu ndani, na mtu fulani akamfanya aondoke. Nilimjua mtu huyo bila kumjua. Nikawapitisha wote kichwani. Muuguzi wa chumba namba nne anayeita watu kwa kupiga meza. Mlinzi anayenusa watu mlangoni. Huyu kijana mwenyewe, na mbunge wake. Niliapa nitamjua, na nitamwandikia barua mpaka kwa mganga mkuu wa hospitali.

Nikarudi kukaa karibu na dada. Nilitaka kumuuliza, lakini pembeni yetu palikuwa na watu, naye alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili na kutazama sakafu. Kila baada ya dakika tano niliinuka kwenda kuuliza foleni imefika wapi. Alinishika kitambaa cha sketi. "Kaa," akasema. Sikuweza.

Daktari alikuwa binti mdogo, mtu wa Kagera kwa jina na kwa lafudhi, na mimi nikamhukumu hapohapo. Sisi tuna utani wetu nao, Wahaya na Kiingereza chao, lakini siku ile haukuwa utani. Nilishaona atakavyomtazama dada. Nikaingia nimejiandaa kupigana.

Yeye alimtazama dada, akaona suti, akaanza kwenda kasi. Uvimbe umeanza lini, kuna mtu kwenye familia ana historia ya saratani, unatumia homoni zozote, kipimo cha picha ya matiti umeshafanya?

"Ndiyo," akasema dada.

"Vizuri. Wapi?"

"Ndiyo."

"Majibu unayo?"

"Ndiyo."

Daktari alikuwa anaandika. Nikaona kwa macho yangu kalamu ikiandika kwamba dada yangu ameshafanya kipimo ambacho hajawahi kukiona hata kwenye ukuta. Nikaingilia nikasema hapana daktari, hajafanya, hakuelewa. Nikamgeukia dada nikamwambia mbona unajibu hivyo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Si mimi niliyemwambia?

Daktari akaweka kalamu. "Naomba nizungumze na mgonjwa," akaniambia. Kisha akavuta kiti chake kikatoka nyuma ya meza. "Mama, tuanze upya. Mimi nitauliza moja moja. Usipoelewa, niambie sikuelewa, mimi nitauliza vingine. Kwanza nikutazame hapo kwenye uvimbe. Utafungua blauzi?"

Dada akashika kifungo cha juu. Hakukifungua. Akakishika tu.

Tukangoja. Nje watu walikuwa wanakohoa. Nilisikia muda wa kila mtu ukinipita mgongoni, na mdomo ukafunguka wenyewe, kwa sauti ile ninayoitumia dirishani: "Dada, fungua bwana. Mnakuja kutibiwa halafu mnaficha, tuwafanyeje? Watu wanangoja."

Nilisema "mnakuja". Nilisema "tuwafanyeje". Niliisikia sauti yangu, na nilijua nimeisikia, na sikuomba radhi.

Dada akavua kwanza wigi. Akaliweka kwenye kiti kama mtu anayemlaza paka. Nywele zake zilikuwa fupi na nyeupe kuliko nilivyojua. Kisha akafungua vifungo, kimoja kimoja, mpaka mwisho, akakaa wima.

Titi la kushoto lilikuwa na chale. Si mbili tatu za kawaida. Zilikuwa mistari midogo midogo myeusi, imepangwa mduara kuzunguka uvimbe, na nje ya mduara huo mduara mwingine mkubwa zaidi, na nje ya huo mwingine, wa tatu, mpya, bado una wekundu. Neno lililokuja mdomoni, na Mungu ananisikia, lilikuwa la kunitetea mimi. Nikasema, "Ni mambo ya kijijini hayo, daktari. Tusamehe."

Daktari alikuwa ameinama anatazama. Hakuguna, hakuvuta pumzi. Akauliza, "Mama, hii mizunguko mitatu, mbona ni mitatu?"

Dada akanitazama, kisha akamtazama yeye. "Ni boma," akasema.

"Boma la nini?"

"Uvimbe ulikuwa unataka kutembea. Mganga akauzungushia boma, usitoke. Kama ng'ombe. Ukaruka. Akauzungushia lingine. Ukaruka." Akagusa mduara wa nje. "Hili ndilo la mwisho. Alisema kama ukiruka na hili, basi yeye hawezi, niende kwa wenye visu."

"Kwa hiyo kila mara alichanja pale ulipokuwa umefika? Pembeni yake?"

"Pembeni kabisa. Anapapasa kwanza kwa kidole, anachanja ukingoni."

Yule binti akafungua droo akatoa utepe wa kupimia, wa plastiki, ule wa fundi cherehani. "Nitapima maboma yako," akasema. "Halafu wewe utaniambia kila moja lilijengwa lini."

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani. Kwa mara ya kwanza siku ile nikaona dada amekaa vizuri kwenye kiti. Aliulizwa jambo analolijua. Boma la kwanza: sentimita tatu. Lini? Wakati wa kuvuna pamba, tena si mwanzo, magunia yalikuwa yameshaanza kujaa. Daktari akauliza huo ni mwezi wa saba? Wa saba, mwishoni. Boma la pili: sentimita nne. Lini? Mvua za kwanza, alikuwa amepanda mahindi, bado hayajachipua. Mwezi wa kumi na moja. Boma la tatu: sentimita saba. Lini? Palizi ya pili ya pamba. Mwezi wa pili. Na sasa, akasema daktari, akipapasa kwa vidole viwili taratibu, sasa umefika hapahapa kwenye ukuta. Akapapasa na kwapani, akakaa pale muda mrefu.

Akaandika yote. Akachora maduara matatu kwenye faili, akaweka tarehe pembeni. Nimeona maelfu ya mafaili. Sijaona moja lililojaa habari kama lile, na habari yote ilikuwa kwenye ngozi ambayo sisi tungeicheka.

"Mama," akasema, "sitakudanganya. Kuchanja hakukusaidia, na wembe ni hatari. Lakini umenisaidia. Kutoka la kwanza hadi la pili ulitembea polepole. Kutoka la pili hadi la tatu ndipo ulipokimbia. Baada ya la pili, ulifanya nini? Ulikaa tu?"

"Hapana," akasema dada. "Nilikuja hapa."

Hapo nikapata nafasi yangu. Nikaruka, nikanyoosha kidole kwenye faili. Nikasema ndiyo, alikuja, ushahidi huu hapa, Desemba, na mtu wa hospitali hii alimfukuza, na mimi nafanya kazi hapa na nataka kumjua mtu huyo leo. Sauti ilikuwa juu. Daktari akaniacha nimalize, akamgeukia dada. "Nani alikwambia uondoke, mama?"

Dada alikuwa anafunga vifungo. "Hakuna aliyeniambia."

Tulipelekwa kungojea dada achukuliwe kwa sindano kipande kidogo cha uvimbe, kikapimwe. Daktari alikuwa ametuambia wazi: majibu yatachukua wiki mbili hivi, lakini yeye anaona ni saratani, na titi huenda likatolewa lote. Nilimuuliza, kama angemwona daktari Desemba? Akasema hawezi kujua. Alisema huku akitazama maduara yake matatu, akafunga faili.

Basi tukakaa kwenye benchi, dada na nywele zake fupi, wigi likiwa ndani ya mkoba. Mimi nikaendelea. Nikasema lazima tumkumbuke. Alikuwa mwanamke au mwanamume? Alivaa sare gani? Muuguzi wa chumba namba nne ana pengo hapa mbele, ni yeye? Au mlinzi? Nikainuka, nikakaa, nikainuka.

"Acha kuhangaika, mdogo wangu," akasema.

"Siachi. Huyu mtu amekula miezi minne yako."

Akanivuta mkono nikakaa. Alisema taratibu, kwa Kiswahili, sijui kwa nini hakusema kwa Kisukuma. Labda ili yasinifikie karibu sana.

"Nilikuona siku ile. Urikuwa umevaa sweta ya kijani. Nikapanga foleni ya dirisha lile jingine, nikasema nisikutie aibu mbele ya wenzio. Nikishatoka kwa dakitali nitakuja nikusalimie. Yule kijana akaniandika vizuri, hana neno. Nikakaa kwenye benchi, nakutazama. Nikawa naona raha, huyu ndiye nilimbeba mimi. Akaja mama mmoja kwako, ana uvimbe hapa chini ya taya, na chare mbili shingoni. Ukamwambia, mganga amekushindwa, ndiyo umekuja kwetu? Watu wakacheka." Akauweka mkoba vizuri mapajani. "Nikasema, huyu ni wa tumbo moja nami, na hayo ni kwa chare mbili. Wasionijua wataniambia nini? Nikaondoka."

Nikasema, "Kwa nini hukuniambia? Krismasi tulikuwa wote."

"Urikuwa unachekesha watu," akasema.

Wakaita jina lake. Aliinuka, akanipa mkoba nimshikie, akaenda.

Titi lilitolewa mwezi wa sita. Alianza dawa za kuua mabaki, nywele hizo fupi zikatoka zote, sasa zinarudi. Ng'ombe amewaacha kwa mtoto wake, anakaa kwangu Buhongwa kwa sababu ya kliniki, na tunaishi vizuri, hata tunacheka. Hajawahi kulirudia jambo lile. K nimeacha kuiandika. Wenzangu bado wanaiandika, na nikiwakataza wananiona nimeanza uzee.

Lakini siku ile pale kwenye benchi, aliporudi na plasta kifuani, nilimuuliza swali moja. Nilimuuliza yule mama mwenye chale mbili alibaki akatibiwa, au vipi.

"Hakubaki," dada akasema. "Tulivuka naye kivuko kimoja."

Sikumkumbuka. Nilijaribu sweta ya kijani, nikajaribu taya, nikajaribu kicheko cha watu, hakuna sura iliyokuja. Nilikuwa nimewaambia wengi. Nilikwenda kabatini nikatoa mafaili ya siku ile, nikatafuta ambayo hayana mwandiko wa daktari. Lake lipo. Umri miaka hamsini na moja, mkulima, uvimbe shingoni, simu hana. Mwandiko ni wangu. Nimevuka mara mbili kwenda kumtafuta. Kijiji kipo, lakini mtu wa jina hilo hawamjui, na mwenyekiti wa kijiji akaniuliza kama nina hakika jina lenyewe ndivyo lilivyo. Sina. Zile l na r za watu wa kwetu huwa nazinyoosha ninapoandika, nimezinyoosha miaka yote, bila kumuuliza mtu. Nimelisoma jina lile kwa kila namna linavyoweza kutamkwa, peke yangu, kwa sauti, na mwezi ujao nitavuka tena.